Jicho la Mama Byiringiro

Katika Klabu ya Mnandi mtu haruhusiwi kuona ndege peke yake, wala haruhusiwi kumsikia peke yake. Wanachama hutembea wawili wawili kando ya ziwa, mmoja sikio, mwenzake jicho. Sikio hufumba macho na kusema nimemsikia fulani, upande huu, kimo hiki. Jicho huinua jumele, yaani darubini, akatafuta kwa vioo vyake, na akimpata ndege humtaja kwa mpangilio: kichwa kwanza, halafu kifua, halafu mkia, kama mama anavyomvalisha mtoto kuanzia juu. Wakikubaliana, ndege huyo ni wa klabu. Wasipokubaliana, hakuna ndege.

Mgeni akiwaona hucheka. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wameshikana mikono ufukweni kama wachumba na mmoja amefumba macho! Acha acheke. Mji wa Goma umezika klabu nyingi zenye fulana na mihuri, na hii ingali hai. Utaratibu wake haukutoka kwenye kitabu cha mtu. Ulitoka kwa wanawake wawili, Uwitonze na Nshobole, kwa sababu mmoja wao alikuwa haoni.

Uwitonze alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mpaka leo nusu ya mtaa wa Murara humwita Madame. Presha ya macho ilimla kutoka pembeni, polepole, mpaka ubao ukawa mdogo kama sahani, halafu kama kisahani. Daktari alimwambia kilichokwenda kimekwenda. Akabakiwa na mwanga, giza na vivuli vya watu. Mwanawe Byiringiro alikuwa analima huko Rutshuru, mumewe alikwisha kufa, basi mama wa watu akakaa kitandani akigombana na redio.

Aliyemtoa kitandani ni Nshobole, mwanamke Mshi kutoka upande wa Bukavu, muuza vitenge, mwenye mdomo mwepesi na miguu isiyotulia. Walijuana kanisani, Uwitonze ndiye marene wa binti yake, Christa, yaani alimsimamia siku ya ubatizo.

"Mama Byiringiro, simama," alisema siku hiyo, akimvutia kiatu. "Tunaenda kuangalia ndege."

"Nitaangalia na nini?"

"Na macho yangu. Niko nayo mawili, moja nitakuazima."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Klabu iligundua kwamba mama huyu asiyeona alikuwa anawasikia ndege ambao wenye jumele walikuwa wanawapita, na Nshobole alikuwa na jicho la kumpata ndege mdogo kama chozi katikati ya mti mzima. Wengine wakaiga. Na siku mji ulipochafuka, watu wenye lugha ya Uwitonze wakaanza kutazamwa vibaya sokoni, Nshobole ndiye aliyemshika mkono na kumpitisha katikati ya maduka huku akisalimia kwa sauti kubwa, ili kila mwenye neno alimeze. Naye Uwitonze hakubaki na deni la wema. Mlima ulipotapika moto na lava ikaila nyumba ya Nshobole kule Buhene, mama na mtoto walilala sebuleni kwake mpaka Nshobole alipopata chumba cha kupanga. Watu wa namna hii huwaiti marafiki. Unawaita ndugu, na unaacha kuuliza maswali.

Sasa, Kwa Matete. Ufuo wa Goma umejaa kuta za wenye nazo, ukuta juu ya ukuta, hadi mtu wa kawaida anaweza kuishi hapa miaka na asitie mguu majini. Kule Keshero lilibaki pengo moja, kati ya kuta mbili ndefu: matete mbele, na nyuma yake mafunjo marefu yanayoota ndani ya maji. Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo Uwitonze hakuwa kipofu. Ndani ya mafunjo hakuna anayeona, hata mwenye macho ya mwewe. Sikio ndilo linaloongoza na jicho linafuata. Kwingine kote alikuwa mama wa kusaidiwa. Kwa Matete, watu walimnyamazia wamsikilize.

Na Kwa Matete palikuwa mbioni kugawanywa. Habari zilikuja kwamba pengo litajazwa mawe na kukatwa viwanja. Bwana mmoja wa ofisi ya mazingira, mtu mwema ila mwoga wa mabosi wake, alikuja kwenye klabu akawaambia wazi.

"Musiniletee yangeyange. Yangeyange anakaa hata kwa poubelle, kwa takataka. Munipe ndege moja tu mwenye hawezi kuishi inje ya mafunjo, klabu yote imukubali, mbele, kabla hawajagawa parsele, ile viwanja. Hapo mimi nasimamisha kila kitu."

Ndege wa namna hiyo yupo, na mwenyekiti wao alikuwa akimjua tangu utoto. Mzee Sikuli alizaliwa Vitshumbi, ambako korongo wakubwa hutembea katikati ya wavuvi kama askari wa ushuru, na huko kwenye mafunjo alikulia akimsikia gonoleki. Dume hupiga mluzi mara mbili, wa duara, mtamu. Na kabla hajamaliza, jike hujibu kwa mkwaruzo mkavu, kama mtu anayekwangua masizi kwenye sufuria. Daima wawili. Sikuli aliwafundisha wanachama wote kwa kinywa chake, akipiga mluzi na kukwaruza yeye mwenyewe, jambo ambalo kwa mzee mwenye meno machache lilikuwa tamasha.

Julien, fundi wa simu, alikwenda mbali zaidi. Alimtia gonoleki kwenye simu yake awe ndiye mlio wa kuitwa. Jumapili moja sikio fulani likamsikia gonoleki ndani ya matete, klabu nzima ikaingia topeni hadi magotini, watu wakilia kwa furaha, na humo ndani wakamkuta Julien amechuchumaa anajisaidia, simu inaita mfukoni. Walicheka mwezi mzima. Ila siku ile ndipo ilipotungwa kanuni, na ikapigiwa makofi: sikio bila jicho halihesabiwi.

Basi Jumapili nyingine, misa ya kwanza ilipotoka, Uwitonze na Nshobole walisimama Kwa Matete kama kawaida yao. Kulikuwa na ukungu, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani. Uwitonze alikuwa ameshika mkono wa rafiki yake juu ya kiwiko. Alisikia shorewanda, akamwacha. Alisikia kuku-ziwa. Halafu, kutoka kule ndani, ukatoka mluzi mara mbili, wa duara, mtamu, na mkwaruzo juu yake.

Uwitonze alimvuta mwenzake. "Mama Christa! Gonoleki. Mbele yetu, kimo cha bega, kwa mafunjo."

Mkono wa Nshobole ulishtuka chini ya vidole vyake, kama samaki anavyoshtuka. Jumele zilipanda, Uwitonze alisikia mkanda wake ukigonga kifungo.

"Unamuona?"

Mkanda haukugonga tena.

"Unamuona, mama?"

"Sioni kitu."

"Ameita tena! Bako wawili. Angalia muzuri."

"Niko naangalia, Mama Byiringiro. Kuko majani tu. Ukungu iko mingi."

Walikaa mpaka jua likapanda na miguu ikafa ganzi. Ndege hakurudia. Njiani Uwitonze alisema mara kadhaa kwamba mkono wa mwenzake ulishtuka, na Nshobole akasema ni baridi. Uwitonze akakubali. Ukiwa umeazima macho yako yote kwa mtu, utamkatalia kwa kipi?

Alasiri klabu ilikaa barazani kwa Mzee Sikuli, kwa chai na mandazi. Zamu yao ilipofika, mzee aliuliza kama kanuni inavyotaka.

"Sikio, umesikia nini?"

"Gonoleki," alisema Uwitonze. "Dume na jike. Kwa Matete."

Vikombe vilitua. Mtu mmoja alisema Yesu wangu. Mzee Sikuli alisogea mbele mpaka kiti kikalia, na sauti yake ilipotoka ilikuwa sauti ya mtoto wa Vitshumbi.

"Jicho, umeona nini?"

Uwitonze aligeuza uso upande aliokaa rafiki yake. Moyoni mwake alikuwa bado na tumaini la kijinga, kwamba labda Nshobole aliona akaamua kuificha furaha hiyo mpaka mbele ya watu, maana alikuwa mpenda vituko.

"Sikuona," alisema Nshobole.

"Hata kivuli? Hata jani kutikisika?"

"Hata kivuli, muzee. Sitaki kudanganya klabu." Akaguna kidogo, halafu akaongeza kwa ile sauti yake ya kuchekesha, "Pengine ilikuwa telefone ya Julien."

Baraza lililipuka. Julien aliapa kwamba asubuhi hiyo alikuwa kitandani kwake Katindo na simu haina moto, imezimika, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Uwitonze naye alicheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alicheka pamoja nao, mandazi mkononi, ili asionekane mama mzee anayetaka kulia.

Mzee Sikuli alimfuata mlangoni. "Madame, miye nakuamini. Lakini tukiivunja kanuni leo juu yako, kesho tutaivunja juu ya mwongo."

Bwana wa mazingira hakuambiwa lolote, kwa kuwa hapakuwa na lolote la kumwambia. Viwanja vikagawanywa.

Uwitonze aliacha kwenda klabuni. Alianza kuyapima masikio yake nyumbani, kama mtu anayehesabu meno kwa ulimi. Yule anayepita ni nani? Kile kinachochemka ni cha jirani yupi? Akikosea mara moja, usiku hakulala. Macho yalimwacha akakubali, akasema Mungu amenibakizia masikio. Sasa na haya yakienda atabaki na nini, kunusa? Nshobole alikuwa akimletea sombe ya moto, majani ya muhogo yaliyotwangwa, anamfunika miguu, anamfariji.

"Masikio pia inachokaka, mama. Umri ni umri. Usijisumbue."

Na Uwitonze akamshukuru! Alimshika mkono akamwambia, bila wewe ningekuwa nini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine hukuletea na sombe.

Siku moja akachoka kujiogopa. Alivaa kitenge chake cha misa, akachukua fimbo, akapanda pikipiki, akamwambia mwendeshaji ampeleke Keshero, kwenye lile pengo. Alitaka kusikiliza mara moja tu, peke yake. Ikiwa masikio yamekufa, basi yafie pale.

Aliposhuka, kitu cha kwanza alichokisikia ni mawe. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilikuwa zinashuka kutoka barabarani, yale magurudumu ya mbao yanapiga kelele chini ya mzigo, na mzigo unamwagwa majini: mawe ya lava, mepesi, makali, yanayolia kama vyungu. Aliingia kwa fimbo. Matete hayakumgusa mahali yalipozoea kumgusa. Chini ya viatu vyake palikuwa mawe, na mawe, na mawe.

Halafu akasikia sauti.

"Kubwa chini, ndogo juu! Bashige, hapo ni chumba ya Christa, usiniachie shimo. Na dirisha itaangalia ziwa."

Uwitonze alisimama. Aliijua sauti ile kuliko sauti ya mwanawe. Ndiyo iliyokuwa imemwonyesha kila ndege wa ziwa, kichwa, kifua, mkia. Na, aibu iliyoje, alihisi faraja. Masikio yalikuwa mazima.

"Mama Christa," aliita.

Kelele zote zilikoma. Mawe mawili matatu yalibingirika, na Nshobole akaja karibu, anapumua.

"Nani amekuleta huku? Utaanguka."

"Parsele ni yako?"

"Ni yangu. Wenye kugawa waliniahidi mbele, ile Jumapili haijafika. Nyumba yangu iko chini ya mawe, Mama Byiringiro. Napitaka Buhene naona fasi mulango ilikuwa. Christa amekulia ndani ya chumba ya kulipia. Wakasema fasi ikisimamishwa na watu wa mazingira, hakuna mutu atapata kitu. Ndege anaruka. Miye nitaruka niende wapi?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

Uwitonze asingenyamaza, na wote wawili walilijua hilo. Angempa sebule yake tena, na kitanda chake pia, lakini asingenyamaza.

"Nyumba naielewa," alisema kwa hasira. "Ungeniibia hata nyumba yangu ya Murara ningetafuta namna ya kukuelewa. Lakini ulikuja kwangu, ukakaa kwa kitanda yangu, ukaniambia masikio yangu imechoka. Umeniacha nilale nikijiona nakufa. Miye, Mama Christa! Sema tu kama ulimuona. Sema basi."

"Sikuona."

"Niapie kwa Christa."

"Nimesema sikuona. Ilikuwa ukungu."

Watu wa chukudu walikuwa wamesimama, wanasikiliza mambo ya wakubwa. Maji yalipiga mawe. Na hapo, kutoka kushoto, ukatoka mluzi mara mbili, wa duara, mtamu, na mkwaruzo juu yake, karibu kabisa, karibu kuliko siku zote.

"Mukono ya kushoto," ilisema sauti ya Nshobole, haraka, chini chini, kama kawaida yake. "Kimo ya kiuno, kwa lile fungu ya mwisho, karibu na ukuta. Kichwa njano. Kifua nyekundu sana..."

Akakatika. Hakuna aliyemlazimisha. Mdomo ulikuwa umekwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile.

Uwitonze alingoja. Alikuwa mwalimu, na hakupenda jibu la nusu.

"Mukia?"

"Mweusi."

"Na mwenzake?"

"Iko chini yake. Anamujibu. Ni muzuri, mama. Hata siku ile alikuwa muzuri vile vile."

Sikio na jicho walikuwa wamekubaliana. Kwa kanuni ya Klabu ya Mnandi, gonoleki wa Kwa Matete alikuwa sasa ndege kamili, dume na jike, na hakuna ambaye angeweza kusema ni simu. Fungu moja la mafunjo lilikuwa bado limesimama. Mtu angeweza kwenda leo leo kwa Mzee Sikuli, na mzee angepanda pikipiki kwa bwana wa mazingira, na huenda, hata baada ya viwanja kugawanywa, haya mawe yangesimama hapa yalipofika. Uwitonze aliyawaza hayo yote kwa mpigo mmoja, na alijua Nshobole alikuwa anayawaza pia, maana walikuwa wamezoea kuwaza pamoja.

Bashige, mwenye chukudu ya mbele, alikohoa. "Mama, hii niko nayo nimwage wapi? Imebakia tu kule kwa ukuta."

Uwitonze alisikia pumzi ya Nshobole ikiingia, ikakaa. Alisikia mkono wake ukipanda usoni na kushuka. Alimwachia nafasi ile yote, kama mtu anavyomwachia mwenzake mlango wazi.

"Mwaga," alisema Nshobole.

"Kule kwa ndege?"

"Nimesema mwaga, Bashige."

Chukudu ikasukumwa, mzigo ukainama, na mawe yakashuka kwa kelele ya vyungu. Mafunjo yalivunjika kwa sauti ya maji. Kitu kiliruka, mbawa mbili, pengine nne. Uwitonze hakuweza kuhakikisha, na hakuuliza.

Alikigeuza kitenge chake kiunoni, akakaza fundo, akaelekeza fimbo upande wa barabara.

"Ngoja, leta mukono nikuvushe," alisema Nshobole. "Mawe ni makali."

"Usiniguse."

Aliondoka peke yake. Jiwe la kwanza lilimkwangua kifundo cha mguu, la pili likabiringika chini yake akaanguka kwa goti, na damu ya moto ikashuka ndani ya soksi. Akasimama. Fimbo ilikuwa inaingia kwenye mashimo na kukwama. Mbele yake kulikuwa mwanga tu, mweupe, wa ovyo, usiosema lolote.

"Kushoto kidogo," ilisema sauti nyuma yake.

Alisimama, amekunja uso kwa chuki.

"Kushoto, mama. Kuko shimo. Sasa jiwe refu, weka mukono juu yake. Vile. Sasa panda."

Sauti ilikuwa inalia na haikuacha kuelekeza. Uwitonze aliuma midomo, akaenda kushoto, akaweka mkono juu ya jiwe refu, akapanda, kwa sababu mawe yalikuwa makali na kwa jambo hilo moja ile sauti haikuwahi kumdanganya.